Jinsi ya Kusoma Historia ya Divisheni Bila Kumwona Marehemu Asiye na Sare

Hongera. Umeamua kusoma historia ya divisheni ya askari wa miguu wa Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Huenda kitabu umekinunua kwenye gulio la vitu vya kale, huenda umekirithi kwa baba mkwe, au umevutwa tu na jalada lake: msalaba wa chuma, nambari ya divisheni, ramani yenye mishale inayoelekea mashariki. Vitabu vya namna hii vilichapishwa kwa wingi Ujerumani Magharibi kuanzia miaka ya 1950. Aghalabu waandishi wake walikuwa maofisa wa divisheni zilezile, na wasomaji wake wa kwanza ni askari wenzao, waliokuwa wakikutana kila mwaka kukumbushana ya zamani.

Ni vitabu vilivyoundwa kwa ustadi mkubwa. Mtu anaweza kusafiri ndani yake kutoka mpaka wa Poland hadi ukingo wa mto Volga asikutane na raia yeyote, ila bibi kizee anayewapokea askari kwa maziwa na mkate. Wanaokufa humo wote wana sare, cheo na kaburi.

Lakini ajali hutokea. Msomaji asiyejihadhari hufungua tanbihi ambayo hakuhitaji kuifungua, au huweka tarehe mbili bega kwa bega, na mara anajikuta katika mji ambao mwandishi hakupanga kumpitisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Ukiufuata, utafika mwisho wa vita ukiwa msafi kama ulivyoanza.

Tutatumia Divisheni ya 295 kama mfano. Wala si kwamba ilikuwa na sifa ya pekee, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Haikuwa ya SS, kile kikosi cha chama cha Nazi. Haikuwa ya vifaru. Iliundwa mwanzoni mwa mwaka 1940, ikapewa rejimenti tatu za askari wa miguu, za 516, 517 na 518, pamoja na mizinga na makarani wake, na mwaka uliofuata ikatumwa Ukraine, ambako kufikia Agosti ilikuwa chini ya Jeshi la 6. Kitabu ninachokisimulia hapa ni cha mfano tu, nimekichonga kutokana na tabia za wenzake wengi. Divisheni, miji, tarehe na watu ni wa kweli.

Panda farasi mapema

Ukurasa wa kwanza utakupa hesabu. Divisheni ya aina hii ilikuwa na watu kama 17,000 ikiwa imekamilika, na farasi kwa maelfu. Shika hao farasi usiwaachie. Jeshi la Ujerumani tunalolikumbuka kwa vifaru liliingia Urusi ya Kisovieti tarehe 22 Juni 1941 na farasi zaidi ya 600,000, na askari wa miguu walio wengi walikwenda kwa miguu kweli, mizinga yao ikikokotwa nyuma yao. Kwa mwandishi wa historia ya divisheni, farasi ni neema. Anachoka, anapata jeraha, anazama kwenye tope, anapigwa risasi na mtunzaji wake huku machozi yakimtoka. Farasi ana jina. Utafika Stalingrad unawajua farasi kumi kwa majina na humjui mkazi hata mmoja wa mji wowote uliopitiwa na divisheni.

Baada ya farasi, jifiche kwenye hali ya hewa. Vumbi la Julai, tope la Oktoba, baridi ya Januari: hawa ndio maadui wa kweli wa divisheni, na ni maadui wazuri kwa sababu hawana wajane wa kuja kudai. Mwandishi hodari anaweza kujaza kurasa arobaini kwa tope. Mwache ajaze. Kila ukurasa wa tope ni ukurasa ambao hakuna aliyepigwa risasi ukutani.

Kisha kuna chakula. Utasoma kwamba bata bukini walipatikana, kwamba nguruwe alionekana, kwamba mikokoteni ya nafaka ilijazwa. Usiulize vilipatikanaje wala mwenye navyo alikula nini mwezi uliofuata. Hasa usiende kusoma kumbukumbu ya kikao cha makatibu wakuu wa wizara kilichofanyika Berlin tarehe 2 Mei 1941, wiki saba kabla ya uvamizi. Humo imeandikwa kwa lugha kavu ya kiofisi kwamba jeshi lote litalishwa kutoka ardhi ya Urusi, na kwamba likishachukua linachohitaji, mamilioni ya watu watakufa njaa bila shaka yoyote. Ukiisoma kumbukumbu hiyo, yule bata hatashuka kooni.

Anza kusoma saa tisa usiku

Historia nzuri ya divisheni huanza Ukraine alfajiri ya tarehe 22 Juni. Giza, vyura wanalia mtoni, ofisa anatazama saa yake, mara mizinga inanguruma. Anzia hapo. Wenye haraka hurudi nyuma wiki chache na kujiumiza bure, maana huko kuna karatasi mbili. Ya kwanza, ya tarehe 13 Mei 1941, ilisema kwamba askari atakayemtendea raia wa Kisovieti uhalifu si lazima ashtakiwe. Ya pili, ya tarehe 6 Juni, iliamuru makomisaa wa kisiasa wa Jeshi Jekundu watengwe na mateka wengine na kupigwa risasi. Karatasi hizo ziliandikwa na wanasheria na majenerali wa jeshi la kawaida, wala SS hawakuzitunga, na zilishuka ngazi kwa ngazi kuelekea kwa wale wale wanaotazama saa huku vyura wakilia. Ukianza saa tisa usiku kamili, utakuwa umezipita.

Mji wa kwanza wa kuogopa ni Zolochiv, mashariki ya Lviv, ambako divisheni yetu iliingia mwanzoni mwa Julai. Hapa lazima uwe na miguu myepesi. Kabla ya kukimbia, polisi wa siri wa Kisovieti walikuwa wameua mamia ya wafungwa wao ndani ya ngome ya mji. Maiti zilipogunduliwa, lawama ikatupwa kwa Wayahudi wa mji, ambao hawakuwa na lao. Walikusanywa, wakalazimishwa kufukua maiti kwa mikono, wakapigwa, wakauawa palepale na wanamgambo wa Kiukraine pamoja na askari wa SS. Askari wa jeshi la kawaida walisimama wakitazama, baadhi wakipiga picha. Kanali Otto Korfes, kamanda wa Rejimenti ya 518, aliingilia kati, na mauaji ya ngomeni yakasimamishwa.

Zile picha zitakufaa sana, kwa namna ambayo huenda huitarajii. Mwaka 1995 taasisi moja ya utafiti ya Hamburg ilianza kuzungusha Ujerumani nzima maonyesho ya uhalifu wa jeshi la kawaida upande wa mashariki. Mamia ya maelfu ya watu walikwenda kutazama, wengine wakimtafuta baba ukutani. Mwaka 1999 mwanahistoria Bogdan Musial alionyesha kwamba baadhi ya picha, zikiwemo za Zolochiv, zilikuwa na maiti za wale wafungwa waliouawa na Wasovieti. Maonyesho yakafungwa. Tume ya wanahistoria ikakaa, na mwaka 2000 ikatoa ripoti yake: kati ya picha zaidi ya 1,400, zisizopaswa kuwemo hazikufika 20, na hoja ya msingi ya maonyesho ilikuwa sahihi. Mwaka 2001 maonyesho mapya yakafunguliwa.

Wewe kumbuka nusu ya kwanza tu ya habari hii. Ni dawa ya kudumu. Mtu akikutajia amri, ripoti, hukumu ya mahakama, kaburi, mjibu kwa upole kwamba zile picha zilikuwa za uongo, kisha omba chai.

Agosti: vuka ukurasa

Sasa tumefika mahali pabaya. Kilomita zipatazo 80 kusini ya Kyiv kuna mji uitwao Bila Tserkva. Kitabu chako kitasema kwamba katikati ya Agosti 1941 divisheni ilipumzika hapo, ikapokea barua, ikatengeneza viatu vya farasi. Yote ni kweli. Nakushauri uridhike na viatu vya farasi.

Ukikataa ushauri, yaliyotokea ni haya. Kabla ya tarehe 20 Agosti, wauaji wa Kikosi Maalumu 4a, kilichoongozwa na Paul Blobel wa SS, walikuwa wamewapiga risasi Wayahudi wazima wa mji, wanaume kwa wanawake, mamia. Wakabaki watoto. Baadhi walichukuliwa kwa malori usiku wa tarehe 19 wakauawa. Waliosalia, 90 hivi, wengi wakiwa kati ya watoto wachanga na wa miaka sita au saba, walifungiwa kwenye nyumba pembeni ya mji chini ya ulinzi wa wanamgambo. Hawakupewa maji wala chakula.

Askari wa jeshi la kawaida waliolala jirani hawakupata usingizi kwa vilio. Wakaenda kwa makasisi. Angalia vizuri hapo, kwa sababu kitabu chako kinakwambia kwamba askari wa kawaida hakujua lolote: hawa walijua kwa masikio, na wakasema. Makasisi wawili wa hospitali ya kijeshi, Ernst Tewes wa Katoliki na Gerhard Wilczek wa Kiprotestanti, walikwenda kutazama. Walikuta watoto wamelala kwenye uchafu wao, nzi wamewajaa. Mmoja wa umri wa miaka miwili au mitatu alikuwa akikwangua lipu ya ukuta na kuila. Wakawaarifu makasisi wa Divisheni ya 295, nao wakaenda kwa mkuu wa operesheni wa divisheni, Luteni Kanali Helmuth Groscurth.

Groscurth hakuwa mtu wa kukaa kimya. Mtoto wa mchungaji, mtu wa idara ya ujasusi wa kijeshi, alikuwa amemchukia Hitler kabla ya vita na kushiriki katika njama za kumpindua. Mwishoni mwa mwaka 1939 alizunguka kwenye makao ya majenerali wa upande wa magharibi akiwaonyesha ripoti za mauaji ya Poland, akitumaini wataona haya. Hawakuona, na muda si mrefu naye akaondolewa makao makuu. Ndiyo maana Agosti 1941 alikuwa karani mkubwa wa divisheni isiyo na jina badala ya kuwa Berlin.

Alikwenda mwenyewe kwenye ile nyumba. Lori lilikuwa limeshapakia watoto. Akalizuia. Akapiga simu kwa wakubwa, akaambiwa suala ni la Jeshi la 6, akalipeleka kwa Jeshi la 6, akaamuru watoto wapewe maji na mkate wakati jibu likisubiriwa. Kwa muda wa siku moja na kitu, watoto 90 walikuwa hai kwa sababu ofisa mmoja wa divisheni ya farasi alisema subiri.

Jibu likaja kutoka kwa kamanda wa Jeshi la 6, Walther von Reichenau: kazi iliyoanzishwa imalizwe. Tarehe 21 Agosti kikafanyika kikao katika ofisi ya kamanda wa eneo. Blobel alikuwepo, kamanda wa eneo alikuwepo, mwakilishi wa Jeshi la 6 alikuwepo, Groscurth alikuwepo. Walizungumzia utaratibu. Kesho yake mchana watoto walipelekwa msituni wakapigwa risasi na wanamgambo wa Kiukraine. August Häfner, ofisa wa SS aliyesimamia, alieleza miaka mingi baadaye kwamba shimo alilikuta limeshachimbwa, na waliolichimba ni jeshi la kawaida.

Nilikwambia uvuke ukurasa.

Mtego wa ofisa mwema

Umeshasoma, basi. Usihuzunike, hata hapa kuna mlango wa dharura, na ni mlango mpana: Groscurth mwenyewe. Unaweza kutoka Bila Tserkva ukiwa umemkumbatia. Divisheni ilikuwa na mtu wa dhamiri, alipinga, akazidiwa nguvu na SS na mkubwa mmoja mbaya. Divisheni imeokoka. Unaweza hata kumdai kama mali ya ukoo.

Ili mlango huu ufanye kazi, lazima usisome ripoti aliyoiandika siku ile ya tarehe 21. Sehemu moja yake ni ya ujasiri wa kustaajabisha kwa ofisa wa mwaka 1941. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba yanayofanywa kwa wanawake na watoto hayatofautiani na ukatili ambao askari wanaambiwa kila siku kuwa ni wa adui. Reichenau alijibu kwa hasira kwamba ulinganisho huo haufai, na kwamba ripoti hiyo afadhali isingeandikwa kabisa. Mpaka hapo tunatembea vizuri na shujaa wetu.

Lakini ripoti ina sehemu nyingine. Humo Groscurth anaeleza kwamba, kwa kuwa Wayahudi wote wa mji walikuwa wameshauawa, kuwaondoa watoto nako kulikuwa hakuepukiki, na kwamba lingepaswa kufanyika papo hapo pamoja na wazazi, ili mateso yasirefushwe. Analalamika pia kwamba makamanda wa eneo hawakuwaweka askari mbali na tukio. Wangewaweka mbali, mambo yangepita bila mtikisiko.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na sikuweza kuilainisha. Wapo wanaosema alijikunja kwa lugha ya wakubwa ili asikike, na inawezekana. Mtu aliyekwisha kushindwa hoja ya haki hujaribu hoja ya nidhamu. Hata hivyo maneno yameandikwa, yana sahihi, na ni ya yule aliyekuwa bora kuliko wote waliokaa kwenye kikao kile. Divisheni ilimtoa mtu wake mwema kabisa, na ilipofika jioni naye alikuwa anajadili ratiba.

Kwa hiyo mkumbatie Groscurth, ila kwa mbali, na macho umefumba.

Wiki tano baadaye, tarehe 29 na 30 Septemba, kikosi kilekile cha Blobel kiliua Wayahudi 33,771 kwenye korongo la Babi Yar, Kyiv, kwa hesabu ya wauaji wenyewe. Tarehe 10 Oktoba Reichenau akatoa amri kwa Jeshi la 6 lote, ikiwaeleza askari kwamba wana wajibu wa kuelewa ulazima wa adhabu kali kwa Wayahudi. Hitler aliipenda ikasambazwa kwa majeshi mengine iwe mfano. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kupiga simu kuuliza. Kitabu chako, bila shaka, Oktoba kiko kwenye tope.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Sisi hatuna haja ya kufundishwa aina hii ya uandishi kutoka mwanzo. Tulikuwa ndani yake kabla haijafika Ukraine. Mwaka 1920 Paul von Lettow-Vorbeck alichapisha Heia Safari!, kitabu cha kuwasimulia vijana wa Kijerumani vita vyake vya Afrika Mashariki: jemadari asiyeshindwa, askari waaminifu, pori, werevu wa kuwachezea Waingereza mpaka Novemba 1918. Wapagazi wamo, kama miguu. Waliokokotwa kutoka vijijini wakafia njiani, na mashamba yaliyoachwa matupu majeshi yalipopita, si habari ya kuchangamsha vijana. Vijana waliokua wakisoma vitabu vya namna hiyo ndio waliotazama saa zao alfajiri ya Juni 1941, na walipozeeka na kuamua kuandika vyao, walikuwa wanajua kitabu cha vita kinavyotakiwa kuwa. Funika kombe mwanaharamu apite: hawakuijua methali, ila kazi yake waliifahamu vizuri.

Stalingrad: ruhusa ya kulia

Kuanzia Septemba 1942 unaweza kulegeza mkanda. Divisheni ya 295 imefika Volga, inapigania kilima cha Mamayev katikati ya Stalingrad, na kwa mara ya kwanza kitabu kinagundua kwamba binadamu huumia. Njaa sasa ina maelezo. Baridi si tope la kiufundi tena, inakata vidole vya mtu mwenye mama. Barua za mwisho zinanukuliwa. Tarehe 19 Novemba Wasovieti wanaanza kuzingira, siku nne baadaye kitanzi kinafungwa, na tarehe 2 Februari 1943 mizinga inanyamaza. Mateka wapatao 91,000 wanaondoka kwa miguu kwenye theluji. Waliorudi nyumbani, wa mwisho katikati ya miaka ya 1950, hawakufika 6,000.

Ni msiba wa kweli na simdhihaki aliyempoteza baba humo. Nakukumbusha tu kanuni ya mwongozo: usiweke hesabu mbili pamoja. Wanajeshi wa Kisovieti waliotekwa na Wajerumani katika vita vile walikuwa kama milioni 5.7, na milioni 3.3 hivi walikufa kwa njaa, maradhi na risasi. Wengi wao walikufa kabla ya masika ya 1942, wakati kitabu chako kilikuwa kinasubiri nguo za baridi.

Hapa pia tunawaaga wale wawili wa divisheni tuliowajua kwa majina. Groscurth alitekwa, akafa kwa homa ya chawa kambini mwezi Aprili 1943. Korfes, yule wa Zolochiv, wakati huo akiwa ndiye kamanda wa divisheni, alitekwa naye, akaishi, na Septemba 1943 akawa miongoni mwa majenerali walioanzisha umoja wa maofisa wa Kijerumani waliompinga Hitler wakiwa mikononi mwa Wasovieti. Baada ya vita alikaa Ujerumani Mashariki mpaka kifo chake Potsdam mwaka 1964. Kwenye vitabu vya maofisa wenzake wa Magharibi, mtu wa namna hiyo huitwa msaliti, au safu yake kwenye orodha ya makamanda huachwa na jina na tarehe, basi. Ofisa aliyezuia mauaji ya Zolochiv na ofisa aliyekwenda kinyume na kiapo chake walikuwa mtu mmoja, na hilo ni tatizo la mpangilio ambalo hakuna mhariri aliyetaka kulitatua.

Mwaka 1943 nambari 295 ilipewa divisheni mpya iliyokaa Norway mpaka mwisho wa vita. Ilitazama bahari. Unaweza kuisoma sura hiyo hadharani mbele ya watoto.

Wakikuuliza habari hizi zimetoka wapi

Mtu mkorofi anaweza kukuuliza ilikuwaje maofisa walioshindwa wakaruhusiwa kuandika historia ya ushindi wao wa kimaadili. Mjibu kwamba waliombwa. Kuanzia mwaka 1946 jeshi la Marekani liliwakalisha mamia ya maofisa wa Kijerumani waandike yale waliyoyajua kuhusu kupigana na Warusi, kwa sababu lilihofia kwamba zamu yake inakuja. Msimamizi wa kazi hiyo upande wa Wajerumani alikuwa Franz Halder, mnadhimu mkuu wa zamani wa jeshi la nchi kavu, ambaye ofisi yake ilishiriki kuandaa zile karatasi mbili za kabla ya tarehe 22 Juni. Alihariri kwa bidii. Mwaka 1961 Wamarekani wakampa nishani ya utumishi bora wa kiraia. Miaka kumi kabla yake, Januari 1951, Dwight Eisenhower alikuwa ametamka hadharani kwamba kuna tofauti kati ya askari wa Kijerumani na Hitler na genge lake; Ujerumani Magharibi ilikuwa inaombwa kuunda jeshi jipya, na jeshi jipya halijengwi kwa wahalifu wa zamani. Historia za divisheni zilizaliwa katika msimu huo wa neema.

Ubaya ni kwamba karatasi za divisheni hazikuhudhuria sherehe. Wamarekani walizibeba kama nyara hadi Virginia, wakazipiga picha, kisha wakazirudisha. Leo ziko Freiburg, katika hifadhi ya nyaraka za kijeshi. Blobel alinyongwa Landsberg mwaka 1951. Häfner na wenzake walifikishwa mahakamani Darmstadt mwaka 1967 na 1968. Tewes, ambaye baadaye aliwekwa kuwa askofu msaidizi wa Munich, aliishi kusimulia aliyoyaona. Shajara za Groscurth zilichapishwa mwaka 1970, pamoja na ile ripoti, sehemu zote mbili, na jibu la Reichenau la kutamani isingeandikwa.

Kwa hiyo kabla hujalipa pesa, fanya kama afanyavyo mnunuzi wa samaki anayefunua shavu: kigeuze kitabu, nenda kwenye faharasa nyuma, herufi B. Ukikuta barua, bata bukini, baridi na bendi ya divisheni, lakini Bila Tserkva haimo, kitabu ni salama kabisa. Ikiwemo, tazama namba ya ukurasa. Ikiwa ni ukurasa mmoja tu, ni ule wa viatu vya farasi, na muuzaji akipunguza bei kidogo unaweza kukichukua.